Maboksi Yaliyorudi Mazima

Katika siku kumi na nne za kazi, Mkurugenzi alikunywa chai ya saa nne kwenye karakana ya Ndeshi mara kumi na moja. Elirehema hakukusudia kuhesabu. Dirisha la ofisi yake linatazama uani, na yeye ni mtu ambaye kitu kikijirudia mbele ya macho yake hukihesabu bila kujiuliza kwa nini. Zile siku tatu zilizobaki Mkurugenzi alikuwa safarini Dodoma.

Kabla ya Januari, chai hiyo ilinywewa ofisini kwa Elirehema.

Kampuni iko Njiro, nyuma ya ukuta mrefu wa matofali ya saruji, na inauza sola kwa nyumba za vijijini: paneli moja, taa nne, sehemu ya kuchajia simu, na boksi jeusi lenye betri ya lithiamu ndani. Wateja wako pande mbili za Mlima Meru. Magharibi ni Waarusha, wafugaji na wakulima wa mahindi, kwenye nchi ya wazi. Kusini na mashariki ni Wameru, ndani ya kahawa na migomba. Mnyororo mzima wa ugavi, kuanzia agizo la kiwandani hadi taa kuwaka jikoni kwa mteja, aliujenga Elirehema. Alipoajiriwa miaka sita iliyopita, mzigo ulichukua siku thelathini na nne kutoka bandarini hadi ghalani. Sasa unachukua kumi na moja. Alipunguza ukubwa wa katoni, akafupisha waya wa paneli kutoka mita kumi hadi tano, na kontena lililokuwa likibeba seti elfu moja na mia mbili likaanza kubeba elfu moja na mia nne. Akatunga na kanuni ambayo hata washindani waliiiga: mteja akilalamika, fundi anapanda na boksi jipya, analiacha, anashuka na la zamani. Hakuna kupima, hakuna kubishana. Ndani ya saa ishirini na nne mteja ana mwanga.

Tatizo lilikuwa yale yaliyoshuka. Yalirundikana. Mwaka jana wakopeshaji wa kampuni walitembelea ghala, wakayaona, wakauliza yanakwenda wapi. Mkurugenzi Agnela, mwanamke asiyependa kukosa jibu, alikosa jibu. Januari akamleta Ndeshi.

Ndeshi alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu Sokon I. Ana cheti kimoja cha ufundi umeme. Elirehema ana shahada mbili, ya kwanza ya uhandisi, ya pili ya usimamizi wa ugavi. Hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote pale kazini, na alishangaa kwamba hakuna mwingine aliyelitaja.

Ndeshi alipewa meza mbili, wasaidizi wawili na miezi sita. Kazi yake ilikuwa kuyafungua maboksi yaliyorudi, kuyapima, kutoa seli zilizokufa, kuweka nzima, na kuyarudisha kazini. Mwezi Julai kampuni ingeingia vijiji vinne vipya upande wa Meru, na Agnela angechagua mpango mmoja kati ya miwili. Elirehema alitaka yaagizwe maboksi mapya mia nane ya akiba, ili kanuni ya saa ishirini na nne isivunjike. Ndeshi alitaka mia mbili tu, na karakana ya watu watano. Mwenye mpango utakaochaguliwa ndiye angekuwa mkuu wa ugavi wote, ghala na karakana pamoja. Mwingine angefanya kazi chini yake. Agnela aliwaambia hayo wakiwa wamesimama wote wawili mbele yake, na akataja siku: Ijumaa ya kwanza ya Julai.

Elirehema angeweza kuvumilia ushindani wa hoja. Kilichomnyima raha kilikuwa mambo madogo. Wageni wakija, siku hizi walipelekwa karakanani kwanza, ghalani baadaye kama muda upo. Wateja walianza kupiga simu wakisema, "Nataka lile boksi la Ndeshi," ingawa maboksi yote yalikuwa ya kiwanda kimoja. Hata nyumbani hakupona. Mke wake, Hanna, alipeleka pasi iliyoungua kwa Ndeshi bila kumwambia, akarudi nayo inafanya kazi.

"Yule dada ana mikono," alisema Hanna mezani.

"Pasi ile ni ya miaka tisa. Ilipaswa kutupwa."

"Sasa mbona shati ulilovaa limenyooka?"

Elirehema alikula ugali wake.

Jumatatu ya wiki ya uamuzi alivuka uwanja kwenda karakanani, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

"Jamani, injinia kavuka!" Ndeshi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye boksi alilolifungua. "Agizeni chai. Au yeye hanywi ya huku?"

Wasaidizi wake wakainamisha vichwa, mabega yakicheka.

"Nimekuja kuomba daftari lako la vipimo," alisema Elirehema. "La ripoti ya Ijumaa."

"Chukua, Kaka Eli. Lirudi na kurasa zake zote."

"Sijawahi kuchana daftari la mtu."

"Najua. Ningekuwa na wasiwasi ningekupa nakala."

Alichukua siku mbili kuingiza daftari hilo kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Mwandiko wa Ndeshi ulikuwa mzuri, na hilo nalo lilimuudhi. Katika miezi sita karakana ilipokea maboksi 214. Ndeshi aliripoti kwamba 190 yametengenezwa na kurudi kazini. Hiyo ndiyo namba ambayo Agnela alipenda kuwatajia wageni. Lakini kwa kila boksi Ndeshi aliandika pia lilipima kiasi gani lilipofika, na hapo Elirehema akaona alichokuwa anakitafuta bila kujua kina umbo gani. Maboksi 131 yalifika yakiwa na zaidi ya asilimia tisini ya uwezo wake wa kuhifadhi umeme. Hakuna seli iliyobadilishwa. Hakuna kilichotengenezwa. Yalichajiwa tu yakaandikwa "tayari".

Kwa hiyo kazi halisi ya Ndeshi ilikuwa maboksi 59, katika nusu mwaka. Mikono ile iliyosifiwa mpaka nyumbani kwake ilikuwa imechomeka waya kwenye soketi mara 131.

Alisimama, akafunga mlango wa ofisi, akakaa tena. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu afurahi kiasi hicho.

Kisha, kwa sababu jedwali lenye safu moja tupu humsumbua, akaongeza jina la kijiji kwa kila boksi. Kati ya yale 131 yaliyorudi mazima, 122 yalitoka upande wa Wameru na tisa upande wa Waarusha. Wateja wa pande zote mbili ni karibu sawa kwa idadi. Betri ni zilezile, za kiwanda kilekile, zilizosafiri kwenye kontena moja. Kitu kinachoua taa upande mmoja wa mlima na kuziacha upande mwingine hakiwezi kuwa ndani ya boksi.

Angeweza kuishia hapo. Namba aliyoihitaji kwa Ijumaa alikuwa nayo. Lakini namba isiyo na sababu ilimkera kuliko Ndeshi, na Alhamisi asubuhi akamchukua Lesian, mkuu wa mafundi wa vijijini, wakapanda hadi kijiji cha Akheri, upande wa Wameru.

Lesian ni Mwarusha wa Kimandolu, ana umri wa miaka thelathini na sita, na amebadilisha maboksi mengi kuliko mtu yeyote katika kampuni. Aliendesha gari hadi nyumbani kwa mteja anayeitwa Mama Elinipa, mjane, ambaye wiki sita tu zilizopita alipewa boksi jipya na juzi alilalamika tena.

"Shikamoo, mama," alisema Elirehema.

"Marahaba, baba. Na wewe ni wa nani?"

"Wa Sifaeli, wa Nkoaranga."

"Sifaeli aliyekuwa mzee wa kanisa! Kumbe ni mtoto wa nyumbani. Na huyu Lesian wangu naye karibu, umekonda, nani anakupikia siku hizi? Karibuni, kaeni. Taa zenu bwana! Saa moja zinawaka kama kwa mfalme, saa mbili zinasinzia."

Elirehema alipima boksi. Halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa na njaa: theluthi moja tu ya chaji. Alitoka nje kuangalia paneli.

Ilikuwa imefungwa juu ya bati la jiko, nyumba ndogo iliyosimama peke yake nyuma ya nyumba kubwa, na juu ya paneli lilikuwa limelala jani la mgomba lenye upana wa mkeka. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limetoka, na zaidi ya nusu ya paneli ilikuwa kivulini. Paneli ikizibwa nusu haizalishi nusu. Inaweza isizalishe karibu chochote. Elirehema alilijua hilo tangu mwaka wa pili chuoni.

"Lesian, mgomba huu hukuuona?"

"Niliuona, bosi."

"Ukafanya nini?"

"Nikabadilisha boksi."

"Kwa nini hukumwambia mama aukate?"

Lesian alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuingia kanisani na viatu mkononi. "Mimi? Nimwambie mama mtu mzima akate mgomba wake? Bosi, mimi nakula ndizi hapa. Migomba ya nyumbani ni ya mama, hata mume akiwa hai haigusi. Na huu una mkungu."

"Basi ungefunga paneli kule juu, kwenye nyumba kubwa. Kule hakuna kivuli."

"Kwa waya upi?" Lesian alitembea hatua chache kutoka dirisha la nyumba kubwa, lilipo boksi, hadi jikoni, akazihesabu kwa sauti, akasimama chini ya paneli. "Mita tano. Unaishia hapa. Kupanda ukuta hadi juu ya paa la nyumba kubwa ni zaidi ya mita saba. Zamani zilikuwa kumi, tulikuwa tunaweka popote. Siku tunaifunga mgomba ulikuwa kiunoni kwangu. Mwaka mmoja tu, ona."

"Na nyumba nyingine?"

"Nyingi ni hivi hivi. Kule kwetu hakuna migomba, kwa hiyo hakuna shida."

Elirehema aliushika waya. Alikumbuka kikao ambacho alionyesha hesabu ya seti mia mbili za ziada kwa kila kontena, na Agnela akampigia makofi peke yake, watu wengine wakafuata.

Hata hivyo tatizo la mteja huyu lingeweza kumalizwa sasa hivi kwa panga. Alirudi kwa Mama Elinipa akiwa na sentensi tayari kichwani, fupi na ya heshima.

"Mama, huu mgomba wa jikoni..."

"Umeuona, eh? Mshare huo. Mkungu wake ni wa kumpikia mtori mke wa mwanangu Melkizedeki, anajifungua Agosti. Nauangalia kama mtoto. Jani halijakatwa hata moja, ili ujaze vizuri." Alimshika mkono. "Ukizidi, nitakutumia na wewe, mwana wa Sifaeli."

"Asante sana, mama," alisema Elirehema.

Walipanda gari. Karibu na Tengeru Lesian alimgeukia.

"Umemwambia, bosi?"

"Endesha."

Mchana huo aliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ilisema kwamba kati ya maboksi 190 yaliyodaiwa kutengenezwa, 131 hayakuwa na kasoro yoyote. Aya ya pili ilipaswa kusema kwamba kwa kila moja kati ya hayo 131, idara yake ilipandisha boksi jipya lisilohitajika, kwamba sababu ni waya alioufupisha mwenyewe, na kwamba kanuni yake ya kutopima ndiyo iliyolificha jambo hilo kwa miaka. Aliiandika. Akaifuta. Akaiandika kwa maneno machache zaidi, akaifuta tena. Ukurasa ulipotoka kwenye printa ulikuwa na aya moja. Hakukuwa na uongo ndani yake.

Ijumaa walikuwa wanne: Agnela, Ndeshi, Elirehema, na Lesian kwa niaba ya mafundi. Elirehema alisoma aya yake kwa sauti ya kawaida, akaweka daftari la Ndeshi katikati ya meza, likiwa na kurasa zake zote.

Agnela alimgeukia Ndeshi. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Yalikuja mazima. Niliyachaji nikayarudisha."

"Na ukaandika yametengenezwa."

"Niliandika 'tayari'. Ripoti ndiyo ilisema yametengenezwa, na ripoti niliiandika mimi, kwa hiyo ndiyo, nimeandika." Ndeshi hakuinamisha kichwa. "Ningeandika mazima, Kaka Eli angesema karakana haina kazi, ifungwe. Angeleta na grafu."

"Ningeleta," alisema Elirehema.

"Si unaona, Madamu? Hata hakatai."

Agnela hakucheka. Alikuwa ameliinua daftari na kulishika wazi. "Ngojeni kwanza. Kama yalikuwa mazima, yalishuka mlimani kufanya nini? Na tukapandisha mapya mia na thelathini na moja ya nini?"

Lesian alitazama viatu vyake.

Elirehema alikuwa na jibu la uongo lililo karibu na ukweli: mafundi hawakagui. Lesian asingemkanusha mbele ya Mkurugenzi; hakuwa mtu wa namna hiyo. Sentensi ilikuwa mdomoni. Ndipo akamwona Ndeshi. Alikuwa amekunja paji la uso, kidole chake kikishuka kwenye safu ya vijiji ambayo Elirehema aliichapisha na kuiambatanisha na ripoti kwa sababu hawezi kutoa jedwali lisilokamilika. Kidole kilisimama Akheri. Kikashuka, kikasimama Poli. Midomo yake ilianza kufunguka.

Alimjua vya kutosha. Baada ya pumzi mbili angekuwa amelipata jibu, na lingekuwa lake: Ndeshi aliyegundua, Ndeshi aliyewaambia wageni, jibu la Ndeshi kama lilivyokuwa boksi la Ndeshi. Elirehema aliona kwamba angeweza kubeba kosa. Jibu kwenda kwa yule mwanamke, hilo hakuweza kulibeba.

"Ni migomba," alisema, haraka kuliko alivyozoea kusema kitu chochote. "Paneli ziko kivulini. Nimeona jana kwa macho. Waya nilioufupisha haufiki juu ya paa la nyumba kubwa, kwa hiyo mafundi wanafunga jikoni, kwenye migomba. Betri haijai, mteja analalamika, sisi tunabadilisha betri. Kanuni ya kutopima ni yangu. Mafundi waliona, lakini hawawezi kumwambia mama mtu mzima akate mgomba wake." Akamtazama Lesian. "Nami nilijaribu jana. Nimerudi nimeahidiwa ndizi."

Lesian alikohoa kwa nguvu na kugeukia ukutani.

"Mgomba wenye mkungu haukatwi," alisema Ndeshi, sauti yake ikiwa na majuto kidogo ya mtu aliyepitwa hatua moja. "Hamisha paneli. Mita tano nyingine za waya, basi."

Agnela alilifunga daftari. Kisha akasema maboksi mia nane hayataagizwa. Yataagizwa mia mbili na hamsini, waya urudi mita kumi hata kontena likibeba seti chache, na kuanzia Jumatatu hakuna boksi jipya litakalopanda kabla fundi hajalipima la zamani na kuitazama paneli. Mteja akisubiri siku mbili, asubiri.

"Mkuu wa ugavi atakuwa Ndeshi," alisema. "Na wewe Ndeshi, siku nyingine ukiniandikia namba ya kunifurahisha, unarudi kwenye redio zako. Umesikia?"

"Nimesikia, Madamu."

"Jibu nimelipata mimi," alisema Elirehema.

"Umelipata, na nakushukuru. Lakini namba hizi ulikuwa nazo miaka yote, Elirehema. Ulizitazama siku ulipotaka kumwangusha mtu. Mimi siwezi kuwa na mnyororo unaokaguliwa tu pale mtu mmoja anapomwonea wivu mwenzake."

Kila neno lilikuwa sahihi, na Elirehema alilichunguza kila moja akitafuta lisilo sahihi.

Jumatatu aliandika makabidhiano. Kurasa saba: kila kontena lililo njiani, kila katoni ghalani, mawakala wa bandarini, nani hupokea simu na nani hujifanya hayupo. Hakuacha kitu, hata vile ambavyo Ndeshi angechukua mwaka mzima kuvigundua. Ndeshi alikuja kuzisoma akiwa amesimama, kwa sababu Elirehema hakumkaribisha kiti, kisha akavuta kiti mwenyewe.

"Hizi ni nzuri sana," alisema. "Nilifikiri utanificha nusu."

"Zingekuwa hazijakamilika."

Alisoma hadi mwisho. "Unabaki au unaondoka?"

"Nabaki."

"Chini yangu? Kwa nini?"

"Kwa sababu miezi sita ijayo namba zitakuwa zako, na wa kuzikagua nitakuwa mimi."

Ndeshi alimtazama, kisha akacheka kile kicheko ambacho tangu Januari kilikuwa kikivuka uwanja na kuingia dirishani bila kualikwa. Kwa karibu kilikuwa kikubwa zaidi, na hakikumpendeza zaidi.

"Afadhali wewe," alisema, "kuliko mtu anayenipenda."

Akachukua kalamu mezani bila kuomba, akatia saini na tarehe kwenye ukurasa wa mwisho, akasimama. Elirehema aliuvuta ukurasa kwake na kuutazama.

"Umeandika Juni," alisema. "Rudia."